Habari za Vijidudu vya Udongoni na Jembe Letu

Mtu aliyekulia katika nchi hii ya Usukuma aijua harufu inayopanda kutoka ardhini wakati mvua ya kwanza inapoanguka baada ya kiangazi kirefu. Wengi hudhani kwamba ni harufu ya mvua yenyewe. Lakini mvua haina harufu. Kinga maji yake katika bakuli safi, uyanuse, nawe hutasikia kitu. Harufu ile ni ya udongo, na wenye kuitengeneza ni vijidudu vidogo mno vikaavyo humo. Wataalamu waliokichambua kitu hicho kinachonukia walikipa jina la jiosmini mwaka 1965. Basi kila mvua za mwezi wa Oktoba zinapoanza, pua zetu hupata habari ambayo macho hayawezi kuipata, yaani kwamba chini ya nyayo zetu wamo viumbe hai wengi. Katika somo hili tutatazama kazi yao, na jinsi jembe la mkulima linavyowatendea.

Mtu wa kwanza kuona viumbe wadogo namna hii alikuwa Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Delft, Uholanzi. Huyu alijizoeza kusugua vioo vidogo mpaka vikakuza vitu mara mia na zaidi, na mwaka 1676 alipeleka barua London kueleza habari za viumbe wa ajabu aliowaona wakiogelea katika tone la maji. Siku hizi tuna hadubini zilizo bora kuliko vioo vyake, na kwa hizo tumejua kwamba kijiko kimoja cha chai cha udongo mzuri huwa na bakteria mamia ya mamilioni, hata pengine kufikia milioni elfu. Hesabu hiyo ni kubwa kuliko watu wote wa Afrika Mashariki wakikusanywa mahali pamoja. Tena pamoja na bakteria zimo kuvu, ambazo ni jamaa ya uyoga. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele, nazo hutambaa kila upande. Wamo pia viumbe wengine wanaowala bakteria, kama vile simba alavyo pundamilia, na kwa kuwala huachilia chakula ambacho mmea hukipata.

Kazi yao ya kwanza ni kuozesha. Jani likianguka, bua likilala, ng'ombe akidondosha kinyesi chake, vijidudu hukivamia kitu hicho na kukila. Sehemu moja huitumia kwa nguvu zao, nayo hutoka kama hewa, kama vile pumzi itokavyo katika mapafu yetu. Sehemu nyingine hurudi udongoni kuwa chakula cha mimea. Sehemu iliyobaki, ile ngumu kuliwa upesi, hugeuka kuwa kitu cheusi kilainikacho kati ya vidole, tukiitacho mboji. Kama kazi hii ingesimama mwaka mmoja tu, tungezama katika majani makavu na mizoga, na wakati huo huo mimea ingekufa njaa, maana chakula chote kingekuwa kimefungwa katika vitu vilivyokufa.

Sasa yafaa tuseme habari za chakula kimoja hasa, nacho ni naitrojeni. Hewa tunayovuta, karibu sehemu nane katika kila kumi ni naitrojeni. Lakini mahindi hayawezi kuitwaa hewani hata kidogo. Mhindi waweza kuwa umezungukwa na naitrojeni pande zote, na majani yake yakawa ya manjano kwa kuikosa, mfano wa mvuvi afaye kiu katikati ya bahari ya chumvi. Kwa muda mrefu wakulima wa nchi nyingi walijua kwamba nafaka hustawi mahali palipokuwa na kunde au dengu mwaka uliotangulia, ila hawakujua sababu. Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, ndio walioionyesha sababu katika miaka ya 1886 na 1888: mimea ya jamii ya kunde ina vifundo katika mizizi yake, na ndani ya vifundo hivyo wamo bakteria wawezao kuitwaa naitrojeni ya hewa. Katika mwaka huo wa 1888 Beijerinck wa Uholanzi alifaulu kuwatenga bakteria hao na kuwakuza peke yao.

Jambo hili si la kusadiki tu kwa kuwa limeandikwa kitabuni. Nenda shambani, ung'oe mkunde mmoja unaokaribia kutoa maua. Usiuvute kwa nguvu, maana vifundo vitabaki ardhini. Chimba pembeni, uunyanyue na udongo wake, kisha uuoshe polepole katika ndoo ya maji. Utaona vijipu vidogo kama punje za uwele vimeshikamana na mizizi. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kama nyama, ujue kwamba kinafanya kazi. Wekundu huo watokana na kitu kilicho jamaa ya kile kiifanyacho damu yetu kuwa nyekundu. Kikiwa cheupe au cha kijani ndani, basi bado hakijaanza kazi au kimekwisha kuchoka. Fanya vivyo hivyo kwa mnjugu mawe, kwa mkaranga, na kwa mchoroko. Kisha ng'oa mhindi na mtama, utazame kama utaona kifundo.

Mhindi na mtama hawana vifundo, lakini nao wana rafiki zao. Mwaka 1885 Mjerumani mwingine, jina lake Frank, alieleza jinsi kuvu fulani zinavyoungana na mizizi ya mimea. Mmea huzipa kuvu sukari uliyoitengeneza kwa jua. Kuvu nazo hutandaza nyuzi zake mbali, hata mahali ambapo mzizi hauwezi kufika, na kuuletea mmea maji na vyakula, hasa fosforasi. Wataalamu wa baadaye waliona kwamba karibu mazao yetu yote ya nafaka yamo katika biashara ya namna hii. Lakini nyuzi hizo ni dhaifu mno. Ukipitisha jembe mahali pale, umezikata, kama mtu akataye nyavu za jirani zilizotandazwa majini. Na kuvu hazina budi kuanza tena mwanzo.

Nyuzi hizi zina faida nyingine tena. Pamoja na ute utokao katika bakteria, huzigandisha chembe za mchanga na vumbi zikawa mabonge madogo madogo, na kati ya mabonge hayo mna nafasi za kupita maji na hewa. Ukitaka kujua kama udongo wako una gundi hii, fanya hivi. Chukua bonge dogo kavu la udongo kutoka chini ya ua wa minyaa au mahali palipokaa majani miaka mingi, na bonge jingine la ukubwa ule ule kutoka shamba linalolimwa kila mwaka. Hakikisha kwamba yote mawili ni ya udongo wa namna moja. Yaweke taratibu katika bilauri mbili za maji, kisha ungoje kama robo saa. La kwanza aghalabu hubaki zima. La pili huporomoka likawa tope chini ya bilauri. Mvua kubwa inapoangukia shamba, hufanya jambo lile lile: tope huziba matundu, juu hufanyika ganda, nayo maji hushindwa kuingia, hutiririka mpaka ziwani yakiwa mekundu.

Basi tuje kwenye jembe. Mkulima halimi kwa ujinga. Hulima ili aue magugu, alainishe mahali pa mbegu, na maji yapate kuingia. Tena kwa muda kulima hutia rutuba, na jambo hili ndilo linalodanganya. Ukiufungua udongo, hewa huingia kwa wingi, yale mabonge huvunjika, na mboji iliyokuwa imefichwa ndani yake hufunuliwa. Vijidudu huishambulia kwa pupa, huila, nao huachilia naitrojeni nyingi kwa mara moja. Mmea unaopandwa wakati huo husitawi sana. Katika nchi zetu zenye kiangazi kikali jambo hili huzidi nguvu, maana udongo uliokauka kabisa kisha ukanyeshewa huamka kwa kishindo. Mtaalamu mmoja aliyeitwa Birch, wa kituo cha utafiti cha Muguga karibu na Nairobi, alilieleza jambo hili mwaka 1958, na mpaka leo wataalamu wa dunia nzima huliita kwa jina lake. Ndiyo maana wazee walisisitiza kupanda mapema, mvua za kwanza zinapogusa ardhi. Mtu anayechelewa majuma matatu hukuta chakula kile kimekwisha kuteremshwa na maji chini ya mizizi, au kimeliwa na magugu.

Lakini fikirini chakula hicho kimetoka wapi. Kimetoka katika mboji, nayo mboji ni akiba. Kila tukilima twafungua ghala. Kama baada ya kuvuna hatuweki kitu ghalani, na mwaka wa pili tukafungua tena, na wa tatu tena, hata ghala liwe kubwa namna gani litakwisha. Ghala likiisha, vijidudu hupungua kwa njaa, gundi huisha, udongo huwa vumbi. Zaidi ya hayo, udongo mtupu huteswa na jua. Ninyi mnaotembea pekupeku mnajua jinsi mchanga wa saa saba mchana unavyochoma nyayo. Nao wadudu wa juu juu hawana viatu wala mahali pa kukimbilia.

Hapa Igoma, na kando za ziwa kwa jumla, ngano haistawi, maana joto ni jingi. Katika nchi yetu zao hili hupendelea mahali pa juu penye baridi, kama nyanda za Hanang' na za Mbeya. Hata hivyo, habari mbili za mashamba ya ngano katika nchi za mbali zinafaa kusimuliwa, kwa sababu zinaonyesha pande zote mbili za jambo hili.

Ya kwanza ni ya Marekani. Katikati ya nchi ile palikuwa na nyanda pana za majani ambazo hazikuwa zimelimwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, hasa bei ya ngano ilipopanda wakati wa vita vya 1914 mpaka 1918 na miaka iliyofuata, wakulima walizipindua nyanda hizo kwa plau na matrekta. Miaka michache walivuna sana, kwa kuwa walikuwa wanakula akiba ya majani ya maelfu ya miaka. Kisha ukaja ukame wa miaka ya 1930. Udongo uliopoteza gundi yake na mizizi yake ukapeperushwa na upepo. Jumapili tarehe 14 Aprili 1935 wingu jeusi la vumbi lilifunika nchi hata mchana ukawa usiku. Watu wengi waliyaacha mashamba yao wakahamia mbali, na mwaka huo huo serikali yao iliunda idara ya kuhifadhi udongo.

Ya pili ni ya Uingereza. Huko Rothamsted liko shamba liitwalo Broadbalk, ambalo tangu mwaka 1843 wataalamu hupanda ngano ndani yake ili kujaribu mbolea. Sehemu yake moja haikupewa mbolea yoyote muda huu wote. Hutoa kama tani moja tu ya ngano kwa hekta. Sehemu nyingine hupewa samadi ya ng'ombe kila mwaka, na mboji yake imepanda hata kuwa zaidi ya maradufu ya ile ya kwanza, na vijidudu vyake ni vingi zaidi. Mwaka 1882 walifanya jambo jingine la kufurahisha: waliacha kipande kimoja bila kuvuna ngano yake, wasilime tena wala kupanda. Baada ya miaka michache ngano ilishindwa na magugu ikatoweka, kisha miti ikaota, na leo pale ni msitu mdogo ambao udongo wake una mboji nyingi sana. Twajifunza kwamba udongo uliochoka waweza kupona. Lakini mtu mwenye watoto wa kulisha hawezi kungoja msitu uote.

Wazee wetu wa Usukuma walijua dawa ya kupumzisha. Shamba likichoka waliliacha, wakafungua jingine. Tena walizijua aina za udongo kwa majina, wala hawakuzichanganya: mchanga wa juu karibu na mawe makubwa huitwa luseni, chini yake hufuata udongo wenye tabaka gumu, uitwao itogolo, na bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Mpangilio huu kutoka kilimani mpaka bondeni ndio uliomvutia Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, ambaye katika miaka ya 1930 aliufundisha ulimwengu kuutazama udongo wa mteremko kama mnyororo mmoja. Luseni ni rahisi kulimwa hata kwa jembe la mkono, ndiyo sababu ulipendwa. Lakini kwa kuwa ni mchanga, hauna mahali pa kuifichia mboji, na akiba yake huisha upesi kuliko ya mbuga.

Watu na ng'ombe walipoongezeka, na plau zilipoingia, na pamba ilipotaka mashamba mapana, nafasi ya kupumzisha ilikwisha. Wengi walihamia Geita, na baadaye watoto wao wakaenda mbali zaidi, Rukwa na kwingineko. Serikali ya Kiingereza iliona hatari, na mwaka 1947 ilianzisha Mpango wa Usukuma. Mambo mengine ndani yake yalikuwa mema. Moja lilikuwa matuta yenye vizuizi, ambayo kituo cha Ukiriguru, kusini ya mji wa Mwanza, kilionyesha kwamba huyazuia maji ya mvua yasikimbie. Lakini mambo hayo yaliletwa kwa amri na faini, pamoja na amri ya kupunguza ng'ombe, na watu wakayachukia yote, mema na mabaya. Kabla ya uhuru wa mwaka 1961 amri zile zilikuwa zimekwisha kuvunjika. Nami naona kwamba lilikosewa jambo jingine pia: lilitazamwa zaidi umbo la shamba, kuliko kile kinachokula na kuishi ndani ya udongo. Tuta huzuia maji, na hilo ni jema sana. Lakini tuta halimlishi kijidudu. Kulivunja na kulijenga upya kila mwaka ni kulima kama kulima kwingine.

Ajabu ni kwamba mahali palipo na jibu hapakuwa mbali. Kaskazini ya kisiwa cha Ukerewe, katika ziwa hili hili, kiko kisiwa kidogo cha Ukara. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 80 tu, na sehemu moja ni mawe matupu. Udongo wake ni mchanga uliotokana na mawe yale yale tuyaonayo Igoma, wala hauna rutuba ya kujivunia. Walakini Wakara walikaa humo wengi kwa wingi, wakilima mashamba yale yale mwaka baada ya mwaka bila kuyapumzisha, nao hawakuyaua. Maofisa wawili, Thornton na Rounce, waliandika habari zao mwaka 1936, na tangu hapo wageni wengi wamefunga safari kwenda kutazama.

Wakara walifanyaje? Kwanza, waliwafuga ng'ombe ndani ya nyumba, katika shimo, wakawaletea majani kwa kichwa. Kinyesi na mabaki ya majani yalijaa shimoni, yakaoza, kisha yakachukuliwa shambani kwa vikapu. Pili, na hili ndilo linalohusu somo letu hasa, uwele ulipokwisha kukua, walipanda kati yake mmea wa jamii ya marejea, ambao nao ni jamaa wa kunde. Uwele ulipovunwa, shamba halikubaki uchi. Mmea ule uliendelea kusimama, ukaufunika udongo, ukatwaa naitrojeni ya hewa kwa vifundo vyake. Na wakati wake ulipofika waliulima chini ungali mbichi. Kadhalika walipanda njugu mawe kwa zamu. Kwa hiyo Mkara alilima, tena alilima sana, hata kuliko sisi. Tofauti ni kwamba kila alipofungua ghala, alitia kitu ndani. Hawakuwa na hadubini, wala hawakupata kusikia habari za Hellriegel.

Lakini tusiwafanye Wakara kuwa malaika. Kazi ile ilikuwa nzito, ya kuanzia alfajiri hata jioni, na wale waliohamia bara, walikoikuta ardhi tele, waliiacha desturi hiyo mara moja. Walilima kama wenyeji wa huko, kwa sababu mavuno yalipatikana kwa jasho dogo zaidi. Wala siwalaumu. Mtu hachukui samadi kichwani kwa kupenda samadi. Huichukua pasipo njia nyingine. Ila siku hizi bara nalo limejaa, na Igoma yenyewe, ambako zamani palikuwa na mashamba kando ya barabara ya kwenda Musoma, sasa ni mji. Anayehama leo hukuta mwenyewe wa ardhi amekwisha kufika.

Mimea ya kufunika udongo ni mingi, tena mingi tunayo majumbani. Kunde zitambaazo, zikipandwa kati ya mahindi, hufunika ardhi upesi, na majani yake ni mboga. Fiwi hufunika muda mrefu zaidi, hata mvua zikiisha huendelea kuwa kijani. Huko mbugani, watu wa Misungwi na Kwimba hupanda dengu mvua zinapokwisha, nazo huishi kwa unyevu uliobaki katika udongo mweusi. Ardhi ambayo ingekaa tupu huwa na mizizi hai ndani yake, na mizizi hai huwalisha vijidudu kila siku kwa utomvu wake. Marejea nayo ilienezwa sana katika miaka ya 1980 kutoka Peramiho, upande wa Songea. Ni mmea wenye nguvu na hukua upesi, lakini ile ya kufukia haimpi mama kitu cha kutia chunguni, na kwa sababu hiyo mwenye shamba dogo huiona kuwa anasa. Mimi ningemwambia aanze na kunde.

Yako mashauri mengine ya siku hizi yasemayo kwamba mtu asilime kabisa: achimbe vishimo vya mbegu tu, na mahali pengine pote apaache pamefunikwa na mabua. Shauri hili lina ukweli ndani yake. Katika mashamba mengi ya ngano na mahindi yaliyopimwa, udongo usiopinduliwa umeonekana kuwa na vijidudu vingi zaidi katika tabaka la juu, na hasa kuvu, ambazo nyuzi zake hazikukatwa. Lakini huku kwetu lina shida tatu. Baada ya mavuno ng'ombe wa kijiji kizima huingia mashambani kula mabua, na hiyo ni desturi ya ujirani. Mwenye kuzuia peke yake hugombana na wote. Yaliyobakizwa na ng'ombe huchukuliwa na mchwa. Tena katika miaka ya kwanza magugu huzidi, maana jembe ndilo lililokuwa likiyaua, na anayebeba mzigo wa palizi aghalabu ni mama na watoto. Kwenye itogolo, penye tabaka gumu, mbegu zisizolimiwa huenda zikashindwa kupenyeza mizizi mpaka tabaka lile livunjwe kwanza. Kwa hiyo ashauriye asiseme neno moja kwa udongo wote. Lakini zao la kufunika, kama kunde au fiwi, laweza kwenda pamoja na jembe au pasipo jembe, na kivuli chake kikiwa kizito huyapunguza hayo magugu.

Neno moja la tahadhari juu ya kufukia. Ukifukia mabua makavu ya mtama peke yake, kisha ukapanda mahindi juu yake mara moja, mahindi yatakuwa ya manjano, nawe utadhani mbolea imeyadhuru. Sababu ni hii: mabua makavu yana naitrojeni kidogo sana, na vijidudu vinavyoyala huitafuta naitrojeni mahali pengine, vikaitwaa ile iliyokuwa ya mahindi. Baadaye vikifa huirudisha, lakini mahindi hayangoji. Majani mabichi ya kunde au marejea yana naitrojeni ya kutosha, ndiyo maana huoza upesi bila kumnyang'anya mtu. Ukitaka kufukia mabua, yachanganye na majani mabichi au samadi, uyape muda.

Ili muone wenyewe, hapa penye nchi ya pamba pana njia rahisi. Pateni vipande sita vya kitambaa cheupe cha pamba tupu, kisicho na nailoni, kila kimoja cha ukubwa wa kiganja, vyote vimekatwa katika nguo moja. Wakati wa mvua, vizikeni vitatu katika shamba la shule mahali palipo tupu panapolimwa mara kwa mara, na vitatu chini ya kunde zilizokwisha kufunika ardhi, vyote kwa kina cha urefu wa kidole. Wekeni kijiti penye kila kimoja, mkaandike tarehe daftarini. Pamba ni chakula cha vijidudu, kama vile bua lilivyo. Baada ya majuma mawili fukueni kimoja kila upande. Baada ya majuma manne, vya pili. Baada ya majuma sita, vilivyobaki. Vioosheni taratibu, mvianike kivulini, kisha mvitazame mkivielekeza kwenye mwanga, mkahesabu matundu na kuandika kila upande una mangapi. Kitambaa kilichotoboka mpaka kikabaki nyuzi chache zishikanazo pembeni, hicho kimeliwa na wenyeji wengi wenye afya. Kile kinachotoka karibu kizima, chenye madoa machache tu, hakikuwapata walaji wa kutosha. Hapo mahali pake papandeni kunde msimu unaofuata, na mwaka wa pili zikeni kitambaa kingine pale pale penye kijiti.